Nyenje wa Nyuma ya Karakana

Kituo cha Utafiti wa Wadudu
Tarehe 3 Machi

Shikamoo Baba,

Wiki hii nimekupigia simu mara sita na hupokei. Mama anasema simu iko mezani kwako, mbele ya pua yako, inalia mpaka inachoka yenyewe. Fundi redio mzima, mtu unayefufua redio ambazo wenyewe wameshazililia, simu moja imekushinda? Haya, nimenunua bahasha. Uliniita Chiriku kwa sababu ya mdomo wangu, sasa itabidi unisome.

Nina ombi, na ni la kazi. Unalikumbuka lile rundo la vigae vya zamani nyuma ya karakana, wanakokaa nyenje? Nataka Jumamosi nne mfululizo, jua likishazama tu, uzime kila kinachovuma humo ndani, utoke nyuma, usimame dakika kumi na usikilize. Kisha uniandikie umesikia nyenje wangapi wanaimba. Basi, hakuna zaidi.

Usiniulize kwa nini. Nikikuambia ninachotafuta utakisikia hata kama hakipo, na mkuu wetu hapa hacheki na namba za aina hiyo. Nimewaandikia watu kumi na wanne, kila mmoja mahali pake, na wote nimewanyima sababu. Lakini kusema kweli ninayemtegemea ni wewe. Sijaona mtu mwingine anayejua waya uliolegea kwa kusikia redio ikikohoa.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani
Jumatano, tarehe 19 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kitandani, mlango nimeurudishia, maana baba yako haeleweki.

Kila jioni anazima redio zote za watu, anafunga mlango wa mbele, kisha anatoka nyuma na kuchuchumaa pale kwenye vigae. Mkono nyuma ya sikio, hivi. Nikimuuliza unafanya nini anasema "napunga upepo". Upepo gani wa kuchuchumaliwa? Mwanzoni nilifikiri ana mtu anaongea naye kupitia ukuta. Nikaenda kuchungulia upande wa pili. Kuna kuku wa jirani tu, na sidhani amefikia huko.

Halafu anapayuka. Anaomba chumvi kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto. Na bado masikio anayo, usidhani. Juzi nilikuwa jikoni, nimempa mgongo, nanong'ona peke yangu kwamba mwanaume huyu atanitia wazimu. Akanijibu kutoka uani: "Wazimu unao siku nyingi!"

Ila hili ndilo linaninyima raha. Shule imemletea vipaza sauti vyake vyote avitengeneze, amevikataa. Tepu rekoda yake kubwa, ile asiyotaka hata niipanguse vumbi, amempelekea yule Fundi Mrefu wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka ishirini baba yako hakuwa na neno jema juu yake. Anatoa vitu, mwanangu. Mtu anatoa vitu vyake anapokwenda wapi?

Usimwambie nimekuandikia.

Mama yako


Karakana
Tarehe 31 Machi

Chiriku,

Marahaba. Simu ina hitilafu, nitaishughulikia.

Kazi yako nimeifanya kama ulivyoagiza. Jumamosi ya kwanza nyenje wanane. Ya pili tisa. Ya tatu wanane, ila mmoja alikuwa na sauti kubwa kuliko wenzake wote. Ya nne kumi na mmoja. Wapo vilevile kama ulipokuwa mdogo, kelele tupu, mpaka mtu unatamani kuwaomba wapumzike.

Mimi nami nafikiria kupumzika. Nimekaa kwenye kile kigoda miaka thelathini na minne, mgongo umeshachukua umbo la meza. Mrefu ameniomba karakana na nimemwambia nitafikiri. Usianze kulia, ni mawazo tu.

Baba yako,
Fundi


Kituo cha Utafiti
Tarehe 6 Aprili

Baba!

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimeisoma tena kwa sauti kwenye kikao, mbele ya mkuu. Ukutani kwetu kuna ramani. Kila mahali nyenje wanapoimba tunabandika nukta ya kijani. Kati ya watu wangu kumi na wanne, nukta ya kijani imebaki moja, na ni ya nyuma ya karakana yako. Mkuu, ambaye hacheki, alicheka.

Mwenzangu wa kazi tunayemwita Miwani atakuja kwako tarehe 16 kuwarekodi na kuchukua wawili watatu. Ni mtu mpole sana, mpe kiti tu.

Hilo la Mrefu sijalielewa. Huyo si ndiye uliyesema anatengeneza redio kama anayekata kuni? Ngoja nije likizo tuzungumze. Usimpe mtu ufunguo kabla sijaja, nakuomba sana.

Chiriku wako


Karakana
Tarehe 11 Aprili

Chiriku,

Mwambie huyo Miwani asije. Nina mafua, mama yako anafua mapazia, na vigae nataka kuvihamisha. Namba nimeshakupa, za nini tena kumsumbua mtu wa watu safari yote hiyo.

Fundi


Kituo cha Utafiti
Tarehe 20 Aprili

Shikamoo Baba,

Barua yako ya kumzuia Miwani imefika juzi, yeye ameshakwenda na ameshapita hapa kuniambia alichokuta. Nimengoja siku nzima hasira ipungue ndipo nishike kalamu. Haijapungua.

Miwani anasema alisimama nyuma ya karakana tangu jua linazama, na kinasa sauti chake mkononi. Hakusikia kitu. Hakuna nyenje hata mmoja aliyeimba. Akafunua vigae akawakuta madume zaidi ya arobaini, wazima kabisa, wamenyamaza kimya. Na wewe ulikuwa umesimama pembeni yake, unatabasamu, unamwambia, "Unawasikia wanavyochachamaa?" Naye maskini, kwa kuwa wewe ni mzee wake na uko kwako, aliona haya kukubishia. Akasema, "Ndiyo mzee, nawasikia." Ameniomba radhi mara tatu kwa jibu hilo.

Baba, nimesimama mbele ya watu nikabandua nukta yako mwenyewe kwa kucha. Namba zako ulizitoa wapi? Kama ulichoka kwenda nyuma kusikiliza, ungesema tu umechoka. Nisingenuna. Mimi nimekua nikiamini mtu mmoja duniani asiyeweza kunipigia chuku kwenye kazi ni wewe.

Nijibu swali moja tu. Ulisikia nyenje, au hukusikia?

Chiriku


Karakana
Tarehe 25 Aprili

Mwanangu,

Sikusikia.

Nimeisoma barua yako mara moja tu, na ile sehemu ya Miwani sikuweza kuimaliza, nikaikunja. Kilichonifikia ni kwamba umejua nimekudanganya. Basi ngoja nikuambie yote, na mama yako asijue kwanza.

Babu yako naye alikuwa fundi kabla yangu, hilo unalijua. Usichokijua ni jinsi alivyoacha. Kwanza aliwapoteza nyenje. Jioni moja aliniuliza kwa nini wamenyamaza, na mimi nilikuwa nawasikia wanapasua masikio. Mwaka uliofuata akapoteza ndege, kisha akatupoteza sisi. Miaka yake ya mwisho alikuwa anatutazama midomo na kucheka pale alipodhani tumecheka. Tangu jioni ile aliyoniuliza, mimi nikimaliza kazi nazima kila kitu, natoka nyuma, nawasikiliza nyenje. Ndiyo kipimo changu. Nikiwasikia najua kesho nina kazi.

Mwaka juzi walipungua. Mwaka jana nilimsikia mmoja mmoja. Mwaka huu hakuna. Na masikio yenyewe yameanza kuvuma, hasa jioni nikichuchumaa pale nyuma, mngurumo mdogo wa chini chini. Babu yako naye alilalamikia kuvuma. Simu siipokei kwa sababu naogopa siku nitakayoisikia sauti yako nusu, uniulize kitu nikujibu kingine, na wewe ujue.

Ulipoomba namba, nilijua wapo, maana nikifunua kigae nawaona. Ulisema unanitegemea. Nikaandika namba za zamani, za miaka ile nilipokuwa nawasikia. Kisha akaja Miwani. Nilimuuliza kama anawasikia, nikiomba moyoni aseme hapana. Akasema ndiyo. Nilishika ukuta, Chiriku. Yeye alidhani natabasamu.

Nimempa Mrefu neno langu. Jumamosi ya tarehe 10 Mei nampa ufunguo. Ni fundi wa kuni, lakini anasikia. Nisamehe kwa nukta yako.

Baba yako


Kituo cha Utafiti
Tarehe 29 Aprili

Baba yangu,

Naituma barua hii kwa dereva wa mizigo, atakukabidhi mkononi. Nimeandika huku nalia na kucheka, kwa hiyo usiuangalie mwandiko.

Ifunue ile barua yangu uliyoikunja, usome mpaka mwisho. Miwani hakusikia kitu! Alisema ndiyo kwa sababu ya adabu tu. Wewe ulimdanganya kwa aibu, yeye akakudanganya kwa heshima, mkasimama wawili kwenye kimya kilekile, kila mmoja anamwonea huruma mwenzake. Na mimi ndiye niliyeanza yote, kwa kukunyima sababu. Hii hapa.

Nyenje haimbi kwa mdomo. Dume ana meno madogo kwenye bawa, kama kitana, anayasugua kwenye bawa la pili ili jike amsikie aje. Sasa, miaka michache iliyopita aliingia huku nzi mmoja mdogo, mgeni, na nzi huyo naye anasikia. Anaufuata wimbo, anamwangushia dume mabuu yake mgongoni, madogo kuliko punje ya chumvi. Yanaingia, yanamla kwa ndani, na wiki haiishi dume amekufa. Kwa hiyo kila aliyeimba vizuri aliliwa.

Lakini walikuwepo wachache waliozaliwa na bawa laini, lisilo na meno. Mabubu. Zamani hao wangezeeka bila mchumba. Nzi alipokuja hakuwaona, wakabaki, wakakutana na majike kwa kugongana tu humo vigaeni, wakazaa, na madume wao wakazaliwa na bawa laini. Nyenje wanapata vizazi vitatu au vinne kwa mwaka. Vizazi kama ishirini tu, na uwanja mzima umenyamaza. Nilifundishwa kwamba viumbe hubadilika kwa maelfu ya miaka. Hawa wamebadilika tangu Mama aliponunua lile jokofu lake. Ndiyo sababu niliandikia watu kumi na wanne: nilitaka kujua kimya kimefika wapi.

Kwa hiyo hukupoteza nyenje, Baba. Nyenje ndio walioupoteza wimbo, na ndiyo maana wako hai.

Sitakuahidi kwamba masikio yako ni mazima, siwezi kuyapima kwa barua. Lakini una kipimo humo ndani. Kuna kaseti uliyonirekodi nikiwa na miaka sita, nimekaa juu ya vile vigae, nakueleza kwa nini kuku hana meno. Nyenje wanaimba nyuma yangu mwanzo mwisho. Icheze. Ukiwasikia, utajua. Usipowasikia, nakuja kesho yake na tunakwenda pamoja kwa daktari wa masikio, mimi nimekushika mkono.

Ila icheze kabla ya Jumamosi ya ufunguo.

Chiriku


Karakana
Tarehe 8 Mei

Chiriku,

Sikuicheza siku ile wala kesho yake. Niliogopa, kwa nini nikufiche tena. Barua niliiweka mfukoni nikawa naishika kila nikipita pale nyuma. Hatimaye mama yako aliikuta wakati wa kufua. Akaisoma yote akiwa amesimama kwenye beseni. Nilidhani atanigombeza. Alikaa chini akaniambia, "Miezi yote hii nilidhani unataka kufa." Kisha ndipo akanigombeza.

Akanipeleka mwenyewe kwa Mrefu kuazima tepu rekoda yangu. Mrefu akauliza, "Umesahau nini humo, fundi?" Mama yako akamjibu kwamba nimesahau akili.

Mkanda wa tepu ulikuwa umelegea, nikaubadilisha. Tukaiweka juu ya vigae, spika kubwa ikiangalia uani, jua ndiyo linazama. Nikabonyeza. Kwanza ulikuja wewe. Ulikuwa na sauti nyembamba jamani, na huna nukta wala mkato. Na nyuma yako, mwanangu, walikuwepo. Wote. Niliwahesabu mmoja mmoja, wakafika tisa. Mama yako aliniuliza kama nasikia, nikawa namwonyesha vidole tu.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo mama yako alipoponyoka kigodani na kuruka juu. Chini ya miguu yetu walikuwa wanatoka kwenye vigae, madume na majike, kimya kimya, wanakwenda kwenye spika. Kumi na mmoja nimewahesabu, na safari hii ni namba ya kweli, mama yako ni shahidi. Dume mmoja alipanda mpaka kwenye wavu wa spika akakaa pale kama mwenye nyumba. Wimbo wamepoteza lakini hawajausahau, ndivyo nilivyoelewa mimi, wewe utanisahihisha.

Kaseti ilipoisha niliizima, na hapo ndipo kwenye sababu ya barua hii kuwa ndefu. Ule mngurumo wa masikio yangu ulirudi. Nikasema moyoni, haya, nyenje nimewapata lakini kuvuma kumebaki. Nikasimama niingie ndani. Nilipofika mlangoni ukakatika. Nikarudi, ukaja. Nikasogea kushoto ukapungua, kulia ukazidi. Chiriku, mlio wa sikio la mtu haubaki nyuma mtu akiondoka. Nimetafuta hitilafu kwa sikio miaka thelathini na minne, nikaanza kuutafuta huo kama ninavyotafuta waya mbovu.

Nilifunua kigae cha saba kutoka ukutani. Kulikuwa na dume mmoja, ameinua mabawa nusu tu, anatetemesha. Haimbi kama wa zamani. Ananguruma, kama paka aliyeshiba, chini sana. Mama yako aliinama mpaka kilemba kikagusa kigae, hakusikia. Mrefu alikuja kufuata tepu, tukamwinamisha, hakusikia. Mimi nausikia tangu Februari. Miezi yote hiyo nilikuwa nasikiliza kwenye sauti za juu walikokuwa wanaimba zamani, kumbe yeye alikuwa kwenye za chini, na mimi nikadhani ndiyo uziwi.

Nimemweka kwenye kopo lenye matundu, na jani la kabichi. Dereva wa mizigo anakuletea pamoja na barua hii. Mwambie asiliweke juani.

Kwa daktari wa masikio nitakwenda, mama yako ameniapisha. Mtu wa umri wangu hakosi kasoro. Lakini Mrefu nimemwambia Jumamosi asije na ufunguo asitegemee, na vipaza sauti vya shule nimevirudisha mezani. Kwa jinsi alivyofurahi nilimwonea aibu. Kumbe naye alikuwa anaogopa kubaki fundi peke yake barabara nzima.

Baba yako,
Fundi


Kituo cha Utafiti
Tarehe 14 Mei

Shikamoo Baba,

Amefika salama na kabichi amemaliza.

Tulimweka kwenye chumba kisichopitisha sauti. Miwani alisema hasikii kitu, na safari hii alisema kweli. Tukawasha kinasa sauti. Kwenye kioo chake ukatokea mstari mdogo, chini kabisa, kule ambako hatukuwahi kuangalia kwa sababu nyenje hawaimbi kule. Bawa lake lina meno, lakini machache, mafupi, yamepangwa vingine. Hatujawahi kumwona wa aina yake. Tulimweka jike upande wa pili wa wavu akageuka na kumfuata. Tukamleta nzi. Nzi akatembea, akajisafisha miguu, akapita zake.

Bado ni mmoja, Baba, na mmoja anaweza kuwa bahati tu. Tunahitaji kujua kama wapo wengine na kama watoto wake watanguruma. Hapa kituoni hakuna sikio linaloweza kuwatafuta. Mkuu ameniuliza yule mzee aliyetupa namba za uongo anapatikana wapi. Nimemwambia ni baba yangu, na ana kazi nyingi.

Kwenye ramani nimebandika nukta mpya pale nyuma ya karakana. Nimeitafutia rangi yake peke yake, ya manjano.

Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu jioni nitapiga simu. Pokea. Usipayuke, nami nitajitahidi kufunga mdomo. Iunganishe simu na kile kipaza sauti chako kidogo, ukiweke juu ya kigae cha saba, au popote utakapomsikia mwingine akinguruma, kisha ukae hapo na Mama. Nataka nisikie unachosikia.

Mwanao,
Chiriku